Mbio za Punda Hazianzi Siku ya Mbio



Hebu fikiri. Ni jioni. Umekaa nje ya nyumba yako hapa Chunyu. Mwanao wa miaka 15 anakuja, anakuamkia, kisha anasema, "Baba, nataka kuingia kwenye mbio."

Unamwuliza, "Mbio gani?"

Anakujibu, "Mbio za punda, siku ya Nane Nane. Naomba yule punda wetu."

Utamjibu nini? Usimkatalie haraka. Wala usimkubalie haraka. Punda huyo ndiye anayeleta maji nyumbani. Ndiye anayebeba ufuta kwenda ghalani. Akivunjika mguu, mizigo yote inarudi kichwani kwa mama. Na kijana naye akianguka vibaya, hasara yake haina bei.

Huu ni mfano tu. Lakini mbio za punda zenyewe si mfano. Zipo kweli, na wanaozikimbia ni Waswahili wenzetu. Twende kwanza tukawaone, kisha turudi hapa Chunyu tumjibu kijana wetu.

KWA NINI PUNDA, SI FARASI?

Labda umewahi kuona picha ya mbio za farasi. Nairobi kuna uwanja wa mbio hizo, unaitwa Ngong. Farasi wale hulala bandani na huwa na watu wa kuwatunza. Mpandaji hupimwa kwenye mizani kabla ya mbio na baada ya mbio. Ni mchezo wa watu wenye fedha.

Huku kwetu kusini farasi hawezi kuishi kwa urahisi. Kuna mbung'o. Nzi huyu anaweza kuleta ugonjwa wa nagana, na farasi huugua vibaya sana. Punda naye huugua, lakini huvumilia zaidi. Hata hivyo kusini punda ni wachache. Wengi wako Arusha, Manyara, Dodoma, Singida, Shinyanga na Mara.

Basi ukitaka kuona punda wakikimbia mbele ya maelfu ya watu, nenda Lamu.

Lamu ni kisiwa cha Kenya, kaskazini mwa pwani. Mji wake ni wa zamani sana. Njia zake ni nyembamba. Nyingine hata gari dogo haliwezi kupita. Kwa hiyo mji ule umebebwa na punda kwa mamia ya miaka. Punda ndiye anayebeba mawe, mchanga, saruji, boriti na maji. Na mara chache kwa mwaka, punda huyo huyo huvuliwa shogi, yaani ile mifuko ya mizigo, akapandwa na kijana akakimbia.

Mbio hizo hufanyika wakati wa Maulidi, mwezi wa Mfungo Sita. Hufanyika tena wakati wa tamasha la utamaduni la Lamu. Vijana hukimbiza punda kando ya bahari, mbele ya mji. Hawana matandiko. Hukaa mgongoni hivi hivi. Watu hujaa njia nzima, wanapiga kelele, watoto wanakimbia pembeni. Mshindi hupewa zawadi, na jina lake husemwa mjini muda mrefu.

Lakini kuna jambo jingine Lamu ambalo watu wa mbali hawalisikii sana. Mwaka 1987 ilifunguliwa pale hospitali ya punda. Waliofungua ni shirika la Uingereza linaloitwa Donkey Sanctuary. Punda hutibiwa bure. Na yamekuwapo mashindano mengine, si ya mbio, bali ya punda aliyetunzwa vizuri. Punda huangaliwa mgongo, kwato na mwili. Asiye na kidonda na mwenye afya ndiye anayeshinda.

Mimi nasema hivi: kama punda wako hawezi kushinda mashindano hayo ya pili, asiingie kabisa kwenye yale ya kwanza.

MTAZAME MENO

Sasa turudi Chunyu. Kijana bado anasubiri jibu. Mwambie, "Mlete punda hapa tumwone."

Jambo la kwanza ni umri. Punda wa miaka miwili anaonekana mkubwa. Ana miguu mirefu, ana nguvu, anarukaruka. Usidanganyike. Mifupa yake bado ni laini. Ukimpandisha mtu na kumkimbiza, mgongo na magoti yataharibika, na hayatapona. Utakuwa umenunua mbio moja kwa kazi ya miaka 20.

Hujui alizaliwa lini? Mfungue midomo polepole, utazame meno ya mbele ya chini. Yako sita. Punda akifika miaka miwili na nusu, mawili ya katikati hung'oka na kuota makubwa. Akifika miaka mitatu na nusu, huota mawili ya pembeni yake. Akifika miaka minne na nusu, huota mawili ya mwisho. Basi ukiona makubwa ni mawili tu, huyo bado ni mtoto. Afundishwe kufuata kamba, asipandwe. Ukiona makubwa ni manne, tena yameshakua sawasawa, amefika miaka minne hivi. Anaweza kuanza. Punda jike mwenye mimba asikimbie. Mimba ya punda ni ndefu, kama mwaka mzima, kwa hiyo uliza vizuri kabla ya kusema hana.

Halafu tazama kwato. Mwinue mguu mmoja mmoja. Safisha uchafu kwa chuma butu. Kama unanuka vibaya na ni laini, kuna ugonjwa ndani. Kama ukwato umerefuka na kupinda mbele kama kiatu cha zamani, unahitaji kukatwa na kusuguliwa kwa tupa na mtu anayejua. Ukwato uliopinda hauwezi kunyooka kwa siku moja. Utakatwa kidogo leo, na kidogo tena baada ya wiki sita au nane. Hii ndiyo sababu moja ya kuanza mapema. Siku ya Nane Nane ni tarehe 8 mwezi wa nane. Anza mwezi wa tano, mvua zikiisha.

Mwisho pitisha mkono mgongoni na tumboni. Punda ana tabia moja ya hatari: haonyeshi maumivu. Ng'ombe akiumwa utajua. Punda atasimama kimya, masikio yamelegea kidogo, na wewe utasema amechoka tu. Kwa hiyo mguse kila mahali. Kama amekonda, ana homa, au amevimba chini ya tumbo, inaweza kuwa nagana. Mwite bwana mifugo. Usimchome sindano ya ng'ombe kwa kukisia. Dawa au kipimo kinachomfaa ng'ombe kinaweza kumdhuru punda.

MTAZAME NA KIJANA

Kijana naye apimwe. Hapa huhitaji mizani ya Ngong. Mizani ya ghala la ushirika, ile inayopima ufuta na korosho, inatosha. Punda wetu ni wadogo, wengi hawazidi sana kilo 150. Mpandaji asizidi kilo 50, na punda akiwa mdogo zaidi, mpandaji awe mwepesi zaidi. Mtu mzima mwenye tumbo lake akitaka kuonyesha umahiri, mwambie akimbie kwa miguu yake mwenyewe.

Lakini kilo si kila kitu. Mwulize kijana maswali matatu. Nani atamchotea punda maji asubuhi? Nani atasafisha kwato kila siku? Nani atafagia zizi? Akijibu "mdogo wangu", basi mdogo wake ndiye mpandaji. Punda humjua anayemtunza. Hufuata sauti yake. Hilo huwezi kulinunua siku ya mbio.

MWEZI WA TANO: KUSIMAMA

Watu wengi huanza na kukimbia. Ni makosa. Anza na kusimama.

Kwanza kijana atembee na punda kwa kamba. Atumie hatamu ya kamba laini, isiyokata pua. Watembee hadi kisimani na kurudi. Kijana akisimama, punda asimame. Akienda, punda aende. Achague neno moja la kusimama na neno moja la kwenda, na asibadilishe. Leo ukisema "simama", kesho "ish", keshokutwa ukampiga, punda hatajua unataka nini.

Akishazoea, mwekee gunia tupu mgongoni. Akitulia, weka mchanga kidogo ndani. Baada ya siku kadhaa, kijana alale kifudifudi juu ya mgongo wa punda, miguu ikining'inia, mtu mwingine ameshika kamba. Ashuke. Apande tena. Akikubali, sasa akae. Siku hiyo inatosha hapo. Mpe punda majani, mkwarue shingoni, mwache aende.

Kijana akae wapi? Vijana wa pwani wengi hukaa nyuma, karibu na matako ya punda. Wanajua wanachofanya. Punda hana mabega ya juu kama farasi. Ukikaa mbele na yeye akasimama ghafla, utapita juu ya masikio yake. Chini uweke nguo nene au gunia lililokunjwa vizuri, bila mshono unaochoma. Kidonda kidogo cha mgongoni leo kitakuwa kikubwa siku ya kubeba ufuta.

Na kamba! Kijana asijifunge kamba mkononi wala kiunoni. Aishike tu. Akianguka, aiachie, ajiviringishe mbali na miguu ya punda. Afanye mazoezi ya kuanguka kwenye mchanga au juu ya majani makavu, punda akiwa amesimama. Utaona vijana wakicheka. Waache wacheke, lakini wafanye. Na kichwani avae kofia ngumu, hata ile ya waendesha baiskeli. Katika mbio nyingi utaona vijana wanakimbia kichwa wazi. Usiige.

MWEZI WA SITA: MCHAKAMCHAKA

Hapa pana ugumu, na sitauficha. Mwezi wa sita ni mwezi wa ufuta. Punda anahitajika kila siku. Na ndio mwezi wa kumfundisha kukimbia. Utafanyaje?

Kanuni ni hii: siku aliyobeba, hakimbii. Siku aliyokimbia, habebi. Kama wiki ina siku nne za mizigo, basi kuna siku mbili za mazoezi na siku moja ya kupumzika kabisa. Kama huwezi kumpa siku hizo mbili, ahirisha. Kuna Nane Nane nyingine mwakani. Kijana atanuna siku tatu, kisha atakula.

Siku ya mazoezi, amkeni mapema, saa 12 asubuhi, jua halijawa kali. Watembee kwanza kwa muda wa robo saa. Halafu mwendo wa mchakamchaka, kama ule wa watoto wa shule. Halafu watembee tena. Wiki ya pili au ya tatu ndipo wakimbie kasi, hatua 200 tu, mara mbili. Wiki inayofuata hatua 300. Njia iwe ya mchanga au udongo laini, si ya mawe. Wafundishwe kupinda kulia na kushoto.

Usimkimbize punda peke yake kila siku. Punda hupenda mwenzake. Akiona mwenzake mbele, atamfuata bila fimbo. Zungumza na jirani mwenye punda. Mkimbie pamoja, mara huyu mbele, mara yule.

Sasa niseme juu ya fimbo. Tuna methali isemayo kwamba asante ya punda ni mateke. Kila mtu anaijua. Lakini aliyeitunga hakuulizwa alimfanyia nini punda huyo! Farasi akiogopa, hukimbia. Punda akiogopa, mara nyingi husimama. Anatazama, anafikiri: je, kuna hatari mbele? Sisi tunaita ukaidi, tunampiga. Akipigwa pale, anajifunza kwamba mahali pale kweli pana hatari. Kesho atasimama tena. Mpe nafasi atazame. Shuka, mtangulie, mwite. Akiona wewe umepita salama, naye atapita.

Chakula hakina siri kubwa. Majani, mabua makavu na nyasi zitoshe. Pumba za mahindi kidogo siku za mazoezi, na chumvi ya kulamba. Usimpe mahindi mengi ghafla ukidhani yatamtia nguvu. Tumbo litamsokota, na kwato zinaweza kuvimba ndani. Maji yawe safi. Punda ni mchaguzi wa maji kuliko watu wengi, na akiwa na kazi anaweza kunywa ndoo nzima ya lita 20 kwa siku au zaidi. Mwombe bwana mifugo dawa ya minyoo.

MWEZI WA SABA: NGOMA

Punda anayekimbia vizuri njia ya kisimani anaweza kuganda kabisa akiona watu 500. Kwa hiyo mzoeze. Mpeleke karibu na soko, asimame mbali, atazame. Siku nyingine sogea kidogo. Waombe vijana wapige ngoma polepole, wewe ukimpa majani. Siku nyingine wapige kwa nguvu. Watoto wapige makofi na vigelegele. Asiposhtuka, ameiva.

Na ninyi wa kamati ya kijiji, mna kazi yenu. Kaeni mkubaliane sheria mapema, si asubuhi ya mbio. Punda chini ya miaka minne asikimbie. Mwenye kidonda asikimbie. Fimbo yenye msumari na mjeledi visiruhusiwe. Njia ipimwe na kuondolewa mawe na chupa. Mwisho wa njia pawe na nafasi kubwa ya kupunguza mwendo, maana ajali nyingi hutokea pale watu wanapokimbilia kumshangilia mshindi. Madume yatengwe na majike yenye joto, la sivyo mtaona mbio ambazo hamkuzipanga. Awepo bwana mifugo, na awepo mganga wa zahanati. Zawadi isiwe kubwa mno. Mtu akiahidiwa fedha nyingi, atampiga punda hata wako.

Tena kumbukeni bei ya punda. Kwa miaka mingi wafanyabiashara wamekuwa wakinunua punda katika Afrika kwa ajili ya ngozi, ikapelekwa China kutengeneza dawa. Punda wakapungua mahali pengi, wakawa ghali. Mwaka 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika walikubaliana kupiga marufuku uchinjaji huo. Punda ukimharibu kwa mchezo, hutampata mwingine kesho.

SIKU YENYEWE

Siku mbili kabla ya mbio, punda apumzike. Apelekwe kwenye uwanja siku moja kabla, atembezwe njia yote. Kijana ajue penye shimo na penye kona.

Asubuhi mpe majani kidogo na maji. Kisha tazama ubavu wake akiwa ametulia, uhesabu pumzi. Kwa kawaida punda huvuta pumzi kama mara 20 kwa dakika. Akiwa anahema wakati hajafanya kazi, mrudishe nyumbani. Najua itakuwa vigumu. Jirani wamekuja, kijana amevaa shati jipya. Mrudishe tu.

Mwambie kijana jambo moja kabla hajapanda: mara ya kwanza usikimbie kushinda. Kimbia ufike. Kaa katikati ya wenzako, usibanwe ukingoni. Punda akichechemea, simama. Hakuna atakayekucheka isipokuwa asiye na punda.

Mbio zikiisha, watu watataka kumbeba kijana. Mwache kwanza amalize kazi. Amtembeze punda polepole kwa robo saa. Ampeleke kivulini. Ampe maji kidogo kidogo, asimpe ndoo nzima kwa mara moja. Baada ya nusu saa hesabu pumzi tena. Zinapaswa kuwa zimekaribia hali ya kawaida. Pitisha mkono kwenye miguu yote minne. Palipo na joto kuliko pengine pana maumivu.

Kesho yake, alfajiri, kijana aende zizini kabla ya chai. Amtoe punda, amwangalie anavyokanyaga. Hatua zikiwa sawa, amwachie. Punda mzima atakwenda penye vumbi, atapiga magoti, atajigaragaza huku na huku, miguu juu. Kisha atainuka, atajitikisa vumbi lote, na ataanza kutafuta majani. Mwacheni ale. Magunia yasubiri hadi keshokutwa.